Mtoto na Kijumba Chake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa, Mibirizi

Bismillahi Rahmani Rahim.



Amma baad. Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana siku ya leo katika hali ya uzima na mapatano. Nawashukuru pia wakubwa wa Jumuiya yetu walionitaka niseme maneno machache juu ya malezi ya watoto wadogo. Huenda mlitazamia kwamba nitasema juu ya kuhifadhi Kurani, au juu ya adabu, au juu ya karo za shule. Mambo hayo yote ni makubwa, nao wako wanaonishinda kwa ujuzi watakaoyasema. Mimi nimechagua jambo dogo, na labda baadhi yenu mtacheka mkilisikia. Nataka kusema juu ya vile vijumba ambavyo watoto wetu hujijengea nje: hema la shuka kuukuu lililotandazwa juu ya kamba, kibanda cha majani makavu ya migomba, au pembe tu ya ua iliyozibwa kwa mkeka mbovu.

Neno langu lote ni hili: kijumba kile si upuuzi, wala si uchafu wa kufagiliwa. Ni nyumba ya kwanza ambayo mwanadamu huimiliki katika maisha yake, na humo hujifunza mambo ambayo sisi twajitahidi kumfundisha kwa fimbo tusifaulu. Na hapa petu, kwa sababu nitakazozieleza, kumwachia mtoto kijumba chake kwatutaka sisi wakubwa tuwe na moyo zaidi kuliko watu wa mahali pengine.

Siku za kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti, mvua inapokatika katika vilima vyetu na ardhi ikakauka, ondoka nyumbani saa kumi alasiri upite polepole nyuma ya nyumba za jirani. Utawakuta watoto wa miaka mitatu hata minane wameshughulika kama wajenzi walioahidiwa ujira mnono. Mmoja ameleta kitenge cha mama yake kilichochanika. Mwingine amekusanya matawi yaliyokatwa shambani wakati wa kupogoa mibuni. Sisi twajua kwamba jina la mahali petu limefika mbali kwa ajili ya kahawa, kwani iko aina ya mbuni iitwayo Mibirizi, na wakulima wa nchi nyingine waijua kwa jina hilo. Mtoto hana habari na hayo. Kwake yeye tawi la mbuni ni nguzo ya nyumba, na jani la mgomba ni paa.

Kaa kitako umtazame asikuone. Utaona kwamba hajamaliza paa, naye amekwisha tia mlango. Na mlango ukishapatikana, sheria ya kwanza inayowekwa ni hodi. Mwenye kuingia bila ya hodi hutolewa nje, hata akiwa ni kaka mkubwa. Nani aliyewafundisha? Hapana aliyewafundisha kwa maneno, walituona sisi. Baada ya hodi hugawana kazi: huyu atafagia, huyu atapika udongo, yule atakwenda sokoni. Mzozo ukizuka huamuana wenyewe, na mara nyingine huamuana upesi kuliko sisi wakubwa katika mikutano yetu.

Ndugu zangu, katika mchezo huo mimi naona faida tatu.

Ya kwanza ni akili ya mkono. Kamba ikilegea, hema huanguka. Nguzo ikiwa fupi, kichwa hugonga paa. Upande wa upepo usipowekewa mawe, shuka hupeperuka. Mtoto hujaribu, hukosea, hujaribu tena, wala hapana anayemchapa kwa kosa lile, maana kosa lenyewe ndilo mwalimu wake. Hayo ni mashina ya hesabu na ya useremala, naye ameyapata kabla hajashika kalamu.

Ya pili ni ulimi na mapatano. Watoto wanne hawawezi kuinua hema moja ila wasikilizane. Lazima mmoja ashike upande huu na mwenziwe ashike ule, na mwenye sauti kubwa ajifunze kumngojea mpole. Katika vilima vyetu watoto huchanganya Kinyarwanda na Kiswahili, na mwenye neno asilolijua mwenziwe humpa neno hilo palepale bila ya darasa.

Ya tatu, nayo ndiyo ninayoipa uzito zaidi, ni utulivu wa moyo. Zingatieni hali ya mtoto mdogo. Kila kitu nyumbani kimefanywa kwa kipimo cha mtu mzima: meza ni ndefu, kiti ni kirefu, komeo la mlango liko juu. Hulala alipowekwa, hula alichopewa, huamshwa tunapotaka sisi. Katika kijumba chake tu ndimo mambo yanamogeuka: humo mkubwa hana budi ainame ndipo apate kuingia, na mtoto husimama wima. Humo ana kitu cha kutoa. Humkaribisha mgeni, akampa chai ya maji matupu katika kifuniko cha chupa. Na mtu hawezi kujifunza ukarimu ikiwa hana mahali pa kumkaribishia mwenziwe. Mara nyingine pia hukaa humo peke yake, kimya, akisikia sauti ya mama yake jikoni, yuko karibu naye lakini si chini ya macho yake. Kukaa hivyo humpa mtoto amani, na mtoto aliyeipata amani hiyo hatusumbui kwa kulia bila ya sababu.

Wala msidhani haya ni ya watoto wa Rusizi tu. Mwalimu mmoja wa Marekani, jina lake David Sobel, alitoa kitabu mwaka 1993 juu ya jambo hili. Alikwenda katika kijiji cha Devon, huko Uingereza, na katika kisiwa kidogo cha Carriacou katika bahari ya Karibi. Pande zote mbili aliwakuta watoto wakijijengea vijumba na maficho. Nchi mbili zilizo mbali, hali mbalimbali za maisha, na mtoto ni yule yule.

Tena iko habari ya Denmark. Mwaka 1943, nchi ile ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, ulifunguliwa katika mtaa wa Emdrup, mjini Copenhagen, uwanja wa watoto usiokuwa na mapambo yoyote. Palikuwa na mbao kuukuu, matofali, na vitu vilivyotupwa, na watoto wakaachiwa wajenge watakavyo. Fikra hiyo ilikuwa ya msanifu wa bustani aitwaye C. Th. Sørensen, ambaye alikuwa ametambua kwamba watoto hupenda kucheza mahali penye ujenzi kuliko katika viwanja alivyovipamba yeye mwenyewe. Baada ya vita bibi mmoja wa Kiingereza, Lady Allen wa Hurtwood, aliuzuru uwanja ule mwaka 1946, akaipeleka fikra hiyo kwao, ambako miji ilikuwa ingali na magofu ya mabomu. Likumbukeni jambo hilo: watu waliotoka katika vita waliona kwamba mtoto apewe mbao ajenge. Nitalirudia.

Na sheria za ulimwengu zimelikubali. Mapatano ya Haki za Mtoto yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 yametaja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na Rwanda iliyaridhia mapatano hayo mwaka 1991.

Walakini sisi Waislamu hatukungoja mwaka 1989. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirudi kutoka katika msafara wa vita; na katika nyumba ya Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, palikuwa na pahali pa kuwekea vitu palipofunikwa pazia. Upepo ukaliinua pazia, wakaonekana watoto wake wa bandia, na kati yao yumo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akauliza ni nini, akajibiwa ni farasi; akauliza farasi huwa na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka sana. Tazameni: ametoka safarini, mwili umechoka, na mambo ya umma yamngoja, naye hakulivuta pazia kwa hasira, wala hakuvitupa vile vitu. Aliuliza, akasikiliza jawabu, akafurahi.

Naye Imamu Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, ameeleza kwamba mtoto akishatoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema apumzike na taabu ya masomo. Na kwamba kumzuilia mchezo na kumlemeza kwa kusoma siku zote huufisha moyo wake na kuidhoofisha akili yake. Maneno hayo ni ya mtu aliyeipenda elimu kuliko sisi sote.

Sasa nauliza: ikiwa ndivyo, mbona twavibomoa vijumba vya watoto wetu? Zipo sababu nyepesi. Twasema nguo zitachafuka, shuka litachanika, ua utaonekana vibaya akija mgeni. Hizo si sababu za kutushinda. Lakini iko sababu nzito, na katika mkutano kama huu wa watu wanaojuana haifai tuipite kwa kunyamaza.

Hapa petu kujificha hakukuwa mchezo siku zote. Katika mwezi wa Aprili 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Mibirizi wakitumaini salama waliuawa pale pale. Wengine walijificha darini, mashimoni na katika migomba, wakaziba midomo ya watoto wao ili wasisikiwe. Maelfu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarushishi, wakaishi humo chini ya maturubai, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita shitingi. Kwa mtu aliyeyaona hayo, turubai si kitu cha kuchezea. Na mtoto anayejificha nyuma ya mgomba kisha akapiga ukelele wa furaha aweza kumrudisha mtu huyo mahali asipotaka kurudi.

Tena tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, likatupata tetemeko la ardhi. Nyumba nyingi za Rusizi na Nyamasheke zilibomoka. Upande wetu wa Rwanda walikufa watu zaidi ya thelathini, na ng'ambo, upande wa Bukavu, wako waliokufa pia. Watu wakaogopa kuta zao wenyewe, wakalala nje.

Hapa nitawasimulia kosa langu mwenyewe. Sisi na jamaa zetu tulilala siku nyingi chini ya turubai moja baada ya tetemeko lile. Tulipokwisha jenga tena, nalilikunja nikaliweka darini, nikaomba Mungu asituonyeshe tena siku ya kulihitaji. Miaka ikapita. Siku moja narudi kutoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri, naliona turubai lile limefungwa kati ya migomba miwili, na chini yake yumo mjukuu wangu wa miaka mitano na wenziwe, wanacheka. Moyo ulinipasuka. Sikusema neno. Naliingia moja kwa moja nikazikata kamba, nikalivuta turubai, nikawaambia kwamba kitu hiki ni cha msiba, si cha mchezo. Wenziwe wakakimbia. Mjukuu wangu hakukimbia wala hakulia. Alisimama akanitazama, akasema, "Babu, hukupiga hodi."

Usiku ule sikupata usingizi. Bibi yake aliniambia neno moja tu: "Sisi tuliliingia kwa hofu, wao wameliingia kwa furaha. Turubai halina kosa." Asubuhi nalilichukua mwenyewe nikalifunga pale pale, kwa kamba madhubuti zaidi. Kisha nikasimama nje, nikapiga hodi. Alinikawiza kidogo, nami nalistahili kukawizwa. Halafu akasema karibu. Naliinama nikaingia, nikapewa chai ya maji matupu. Na nawaambieni kweli, tangu siku ile nikiliona turubai sikumbuki tetemeko peke yake.

Kwa hiyo nasema: huzuni yetu ni haki yetu, lakini si halali kuwarithisha watoto kama amri. Wale wa Denmark na Uingereza niliowataja walitoka katika vita, wakawapa watoto wao mbao. Nasi twaweza kuwapa watoto wetu shuka na kamba. Illa tuwafundishe pia adabu ya jambo hili. Ikiwa jirani yetu ni mtu ambaye michezo ya kujificha humtia simanzi, watoto wasiichezee mlangoni pake. Na katika siku za maombolezo zinazoanza tarehe 7 Aprili kila mwaka, watulie kama wakubwa wao. Mtoto akielezwa kwa upole huelewa.

Baada ya hayo, nitataja masharti machache ya usalama, kwani kumwachia mtoto mchezo si kumwacha mtoto.

Kwanza, kijumba kiwe karibu, mahali ambapo mtu mzima asikia sauti za watoto hata ikiwa hawaoni. Sauti zikikoma ghafula, nenda ukatazame. Watoto wenye umri mmoja wacheze pamoja, na mkubwa asijifungie na mdogo peke yao. Mlango uwe wazi au wa pazia, usifungwe kwa kamba wala komeo.

Pili, kuta ziwe za kitu chepesi: shuka, kitenge, mkeka, majani. Mtoto asiingie kamwe katika sanduku lenye kifuniko, wala jokofu bovu, wala pipa, kwa sababu kifuniko kikijifunga hewa humwishia upesi. Karatasi za plastiki nyembamba zisitumiwe kwa watoto wachanga, maana huganda puani.

Tatu, wasichimbe mapango katika kingo za udongo, wala wasicheze katika mashimo ya matofali. Vilima vyetu, mvua ikinyesha, huporomoka bila ya kuaga.

Nne, moto usiingizwe ndani hata mara moja, wala jiko la makaa, hata kama ni baridi. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua katika mahali palipofungika.

Tano, kamba zifungwe juu, zisining'inie shingoni mwa mtoto. Jua likiwa kali, turubai hukusanya joto. Pande mbili ziachwe wazi hewa ipite. Na ngurumo zikianza, watoto wote waitwe waingie nyumbani, wasibaki chini ya mti, maana sisi watu wa nchi hii twaijua radi.

Masharti hayo yakitimizwa, kazi yetu iliyobaki ni ndogo. Tuwape vitu, tusiwajengee. Nguzo mbili, kamba ya urefu wa kifua cha mtoto, shuka moja, mawe manne ya kuzuia pembe: hivyo vyatosha. Ukiwajengea wewe kijumba kizuri, watacheza siku moja wakichoke. Wakijijengea wenyewe kibovu, watakitengeneza mwezi mzima. Wasichana na wavulana wote wapewe nafasi, wala tusiwaite wasichana wakachote maji huku ndugu zao wanajenga. Na wakati wa sala au wa chuo ukifika, tuwaite kwa hodi, tuwape muda kidogo wa kuagana na nyumba yao. Jioni wakunje shuka, warudishe mkeka mahali pake. Hiyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Mwisho, nina ombi moja kwa Jumuiya. Kila madrasa yetu ina ua, hata ikiwa mdogo. Natoa shauri kwamba itengwe pembe moja ya ua kwa ajili ya watoto wadogo, na liwekwe kapu moja la mashuka makuukuu, mikeka, kamba na vijiti, na siku moja kila juma, baada ya masomo, waachiwe wajenge. Gharama yake ni kapu tu. Vitu vingine vimo majumbani mwetu vinaoza. Mama mmoja au wawili wakae karibu na kazi zao za mikono. Mwalimu akitaka kuwatembelea, basi apige hodi.

Wazee wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watoto hawa ndio watakaojenga nyumba za Mibirizi baada yetu, na misikiti yake, na ujirani wake. Tuwaache waanze sasa, kwa shuka na vijiti, tungali tupo kuwaona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika amani, awarehemu wote waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu, kubwa na ndogo, kuwa mahali pa salama kwa kila anayebisha hodi. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.